Maji yamekwenda wapi? Majibu kuhusu pisini, mabwawa na mapipa

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane mpaka mvua ishike sawasawa, swali moja hutufikia kwa sura nyingi: maji yamepungua, yamekwenda wapi? Safari hii tumeyaweka maswali hayo pamoja. Kabla ya yote, shikeni hesabu moja ambayo tutairudia mara kwa mara: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mita za mraba 20 zikipoteza milimita 1, bidoni nzima ya lita 20 imekwenda.

Swali. Pisini yetu ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Mwezi huu wa kumi inashuka sentimita 1 hivi kila siku. Fundi anasema chini pamepasuka, anataka kuvunja vigae. Jirani anasema ni jua tu. Nimsikilize nani? (Mama mmoja wa mtaa wa Golf, Lubumbashi)

Mama, asivunje kitu bado. Sentimita 1 katika pisini yako ni lita 500 kwa siku, yaani bidoni 25. Ni nyingi, ila kwa mwezi wa kumi sehemu kubwa ya maji hayo inaweza kuwa imepanda hewani kweli. Wakati huo hewa ya Lubumbashi bado ni kavu, maji yamekwisha kupata joto, na upepo haujatulia. Kwa hali kama hiyo, pisini isiyofunikwa na isiyoogelewa hupoteza milimita 5 au 6 kwa siku. Watoto wakiogelea mchana kutwa inaweza kufika 8, maana maji yaliyorushwa ukingoni na yale yanayoondoka na nguo za kuogelea hayarudi. Kwa hiyo kati ya milimita zako 10 kuna 2 mpaka 5 ambazo hazijapata maelezo. Hizo ndizo za kutafutwa, na hazitafutwi kwa nyundo. Zinatafutwa kwa ndoo.

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 15 au 20, uweke tofali au mawe mawili ndani ili isielee. Isimamishe kwenye ngazi ya pisini, mahali ambapo maji ya nje yanakaribia mdomo wa ndoo. Ijaze kwa maji ya pisini yenyewe mpaka usawa wa ndani na wa nje uwe mmoja. Bandika utepe ndani ya ndoo na mwingine ukutani mwa pisini, kisha uchore mstari kwenye kila mmoja kwa kalamu isiyofutika. Zima pompi. Asiogelee mtu, na asiongeze mtu maji. Baada ya saa 24, saa ileile ya asubuhi wakati maji yametulia, pima kwa rula ni milimita ngapi zimeshuka ndani na ngapi nje. Kisha chora mistari mipya, washa pompi, urudie kwa saa 24 nyingine. Jioni ya kabla ya jaribio tia klorini ya kutosha, kwa sababu pompi ikilala siku nzima katika joto la mwezi wa kumi maji huanza kugeuka kijani.

Kwa nini ndoo iingie majini, isikae pembeni uani? Kwa sababu lazima maji yake yawe na joto lilelile la pisini. Ndoo iliyoachwa juani hupata joto pembeni na chini, ikapoteza maji kuliko pisini, na hapo uvujaji halisi utajificha. Kosa lililo kinyume chake ni kuacha mdomo wa ndoo umesimama juu sana ya maji. Ukizidi sentimita 5 unakinga upepo, ndoo inapoteza kidogo mno, nawe unaanza kutafuta ufa usiokuwepo. Tumeona makosa hayo mawili mara nyingi kuliko nyufa zenyewe.

Sasa namna ya kusoma matokeo. Ndani na nje zikishuka sawa, pompi ikiwa imezimwa na hata ikiwa imewashwa, pisini yako ni nzima. Nje ikishuka zaidi kwa milimita 1 au 2, usihukumu kwa siku moja, endelea siku 3 ugawanye kwa 3, kwa sababu jicho hukosea milimita 1 kwa urahisi. Tofauti ikizidi milimita 3 kwa siku na ikabaki hivyo, maji yanavuja.

Mahali pa kutafuta panategemea pompi. Tofauti ikionekana pompi inapofanya kazi tu, chunguza upande wa msukumo: bomba linalorudisha maji katika pisini, au vali ya filta ya mchanga. Kwanza nenda kwenye bomba la maji machafu. Filta ikiwa katika kazi yake ya kawaida, mdomo wa bomba hilo unapaswa kuwa mkavu. Ukitiririka, hata kwa uzi mwembamba, mpira wa ndani ya vali umechoka, na dawa yake ni kubadilisha mpira. Kama uvujaji unakuwa mkubwa pompi ikizimwa, na ikiwashwa mapovu ya hewa yanatoka kwenye midomo ya kurudishia, tazama bomba la kufyonza. Maji yakishuka hivyohivyo pompi iwe imewashwa au imezimwa, ufa uko kwenye mwili wa pisini. Hapo yaache yashuke uone yanasimama wapi, kwa maana mara nyingi yanakoma kwenye usawa wa tundu lenyewe: mdomo wa kufyonzea uchafu, kisanduku cha taa, au kiungo cha mdomo wa kurudishia. Fyonza wino kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uutoe polepole karibu na kiungo hicho wakati maji yametulia kabisa. Penye tundu utauona wino unavutwa ndani.

Neno moja kabla hujamwita fundi tena: je, mnaosha filta mara ngapi? Pompi inayosukuma mita za ujazo 12 kwa saa, ikiosha filta dakika 3, imemwaga lita 600. Katika pisini yako hizo ni milimita 12. Ziandike kwenye daftari, la sivyo zitaitwa ufa.

Swali. Mwezi wa sita asubuhi naona moshi juu ya pisini ninayoitunza. Baridi ni kali, jua halijatoka, lakini maji yanapungua. Si joto ndilo linalokausha maji? (Mtunza bustani, Makomeno)

Moshi huo, ndugu, ni maji yako yanayoondoka mbele ya macho yako. Joto la hewa peke yake haliamui. Kinachoamua ni tofauti kati ya nguvu ya mvuke kwenye uso wa maji na nguvu ya mvuke uliopo hewani. Mwingereza John Dalton aliliweka wazi jambo hilo mwaka 1802, na kanuni zote tunazotumia leo zimesimama juu yake.

Tuliweke katika namba. Maji ya nyuzijoto 18 yana shinikizo la mvuke (ndiyo nguvu hiyo tuliyoitaja) la kilopaskali 2,06. Hewa ya nyuzijoto 7, hata ikiwa imejaa unyevu mpaka umande unashuka, haiwezi kubeba zaidi ya 1,00. Tofauti ni 1,06. Sasa chukua siku ya mwezi wa pili, mvua inanyesha na kukoma, maji yana nyuzijoto 26 na hewa 22 yenye unyevu wa asilimia 85. Maji yana 3,36, hewa ina 2,24, tofauti 1,12. Yaani usiku wa baridi kali na mchana wa joto la masika vinakausha pisini karibu sawa! Maji hutunza joto la mchana, hewa haitunzi, na pengo hilo ndilo unaloliona likifuka asubuhi.

Mvuke huo hauondoki mikono mitupu pia. Kila lita inayovukiza hubeba nguvu ya kama kilowati-saa 0,68. Katika pisini ya kina cha mita 1,4, kila milimita inayovukiza ingeshusha joto la maji yote kwa karibu nyuzi 0,4 kama jua lisingelirudisha. Anayelipia kupasha maji joto na kuyaacha wazi usiku wa mwezi wa sita, anapasha joto anga la Lubumbashi.

Swali. Ninafundisha fizikia Katuba. Nataka wanafunzi wakadirie uvukizi kwa hesabu, si kwa kukisia. Tutumie kanuni ipi, na vifaa gani?

Mwalimu, kuna kanuni ambayo wahandisi wa mapisini wanaitumia, imo katika vitabu vya chama cha wahandisi wa Marekani kiitwacho ASHRAE. Tukiibadilisha itoe milimita kwa siku, inakuwa hivi:

milimita kwa siku = (3,2 + 2,8 × upepo) × (shinikizo la maji − shinikizo la hewa)

Upepo ni wa usoni pa maji, kwa mita kwa sekunde, na mashinikizo ni kwa kilopaskali. Matokeo hayo ni ya pisini yenye watu wanaoogelea. Kwa maji yaliyotulia, zidisha kwa 0,5.

Shinikizo la mvuke uliojaa ni hili: nyuzi 15 ni 1,70, nyuzi 18 ni 2,06, nyuzi 20 ni 2,34, nyuzi 22 ni 2,64, nyuzi 24 ni 2,98, nyuzi 26 ni 3,36, nyuzi 28 ni 3,78, nyuzi 30 ni 4,24. Kwa maji, soma moja kwa moja kulingana na joto lake la juu. Kwa hewa, soma kulingana na joto lake, kisha zidisha kwa unyevu.

Wape mfano wa mwezi wa kumi: maji nyuzi 26, hewa kwa wastani wa siku nyuzi 25 (3,17), unyevu asilimia 45, upepo mita 1. Hewa ina 3,17 × 0,45 = 1,43. Tofauti ni 3,36 − 1,43 = 1,93. Mabano ni 3,2 + 2,8 = 6,0. Zidisha: 11,6 kwa pisini yenye watu usiku na mchana, na kama 5,8 kwa maji yaliyotulia. Ndiko zilikotoka milimita 5 au 6 tulizomtajia mama wa Golf.

Vifaa ni vipimajoto viwili, kimoja cha maji na kimoja cha hewa kivulini, pamoja na kipima unyevu. Kama kipima unyevu hakipo, funga kitambaa kibichi kwenye ncha ya chini ya kipimajoto cha pili, ukipepee, usome tofauti, utumie jedwali la vipimajoto kikavu na kibichi. Wanafunzi hukosea zaidi mahali pawili. Kwanza hutumia joto la saa 8 mchana kana kwamba ni la siku nzima, wakapata namba inayotisha. Wapime angalau mara 4 kwa siku, usiku ukiwemo, ndipo wachukue wastani. Pili, huchukua upepo wa kituo cha uwanja wa ndege, unaopimwa juu ya mlingoti wa mita 10 mahali peupe, wakauweka kwenye pisini yenye ukuta pande zote. Upepo wa uani unaweza kuwa nusu yake au chini ya hapo.

Hata mkifanya yote vizuri, kadirio likikosea kwa robo au theluthi msishangae. Ndiyo maana tunataka walilinganishe na beseni. Beseni la kawaida la vituo vya hali ya hewa lina kipenyo cha sentimita 120,7 na kina cha sentimita 25, nalo hukaa juu ya fremu ya mbao sentimita 15 hivi kutoka ardhini, maji yakiwa sentimita 5 chini ya mdomo. Fundi yeyote wa mabati mjini anaweza kulitengeneza. Kumbukeni tu kwamba beseni hupigwa jua ubavuni na hewa kavu huligusa kila upande, kwa hiyo hupoteza maji kuliko bwawa. Mnazidisha kwa 0,7 hivi ili kupata uvukizi wa maji mapana. Beseni likishuka milimita 9, bwawa limeshuka kama 6. Mvua ikinyesha, pimeni mvua kando: milimita za mvua jumlisha zilizoshuka, au toa zilizopanda. Mbwa na ndege nao wanakunywa, lakini wavu wa kuwazuia hupunguza uvukizi kidogo, basi tumieni wenye matundu makubwa.

Wakitaka kwenda mbali zaidi, wahesabu ziwa. Milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1000. Tshangalele, ziwa pana lenye kina kidogo lililotokana na bwawa la Mwadingusha mtoni Lufira, ni mfano mzuri wa kujadili: maji yenye kina kidogo hufuata joto la hewa haraka, yenye kina kirefu huchelewa kwa wiki au miezi.

Swali. Nina bwawa la samaki la ari 2 upande wa Kasapa. Kiangazi hiki linashuka sentimita 2 na nusu kila siku. Ni uvukizi?

Sehemu ndogo tu, ndugu mfugaji. Ari 2 ni mita za mraba 200. Uvukizi wa milimita 6 ungekuchukulia lita 1200 kwa siku. Wewe unapoteza lita 5000. Kwa hiyo lita 3800, bidoni 190, zinanywewa na udongo kila siku.

Kuna njia nzuri ya kuhakikisha isiyohitaji kifaa zaidi ya fimbo yenye alama za sentimita, iliyosimikwa kwenye maji yasiyo na mawimbi. Uvukizi haujali kina. Bwawa likijaa au likiwa nusu, jua na upepo huchukua kiasi kilekile kwa kila mita ya mraba. Kupenya ardhini kunajali sana, kwa sababu maji yakiwa juu husukuma kwa nguvu. Andika mshuko wa kila asubuhi bila kuongeza maji. Ukianza na milimita 25, ukafika 18, kisha 10, halafu ukatulia kwenye 7, umeupata ukweli: tuta la juu ndilo linalovuja, na usawa ambapo mshuko ulitulia unakuonyesha mpaka wake. Mshuko ukibaki 25 mpaka chini, sakafu yenyewe haikushikana.

Wafugaji wengi hupima usiku tu, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, wakidhani usiku hakuna uvukizi na kila kinachoshuka ni uvujaji. Rudini kwenye jibu la moshi wa mwezi wa sita mtaona kwa nini kipimo hicho kinadanganya.

Kwenye tuta, tafuta mizizi ya miti, njia za mchwa, na kiungo cha bomba la kutolea maji linapopita katika udongo. Hapo kwenye bomba ndipo udongo haushindiliwi vizuri. Chimba ukizunguke, urudishe udongo wa mfinyanzi mbichi, tabaka za sentimita 10, kila moja ikishindiliwa. Kwa sakafu, tunao udongo mzuri karibu: udongo wa vichuguu vikubwa, uleule wa kufyatulia matofali. Uvunjevunje, uuloweshe, uutandaze kwa tabaka mbili au tatu mpaka ufikie unene wa sentimita 15 au 20, uukanyage kwa miguu mpaka ung'ae. Jaza maji mara moja. Ukiuacha jua la mwezi wa tisa liupasue kwa siku 3 tu, kazi yote imepotea. Na kichuguu kilicho hai kwenye tuta lenyewe kiondoe kwanza, na nyumba yake yote.

Swali. Pipa langu la lita 200, la wazi, hupungua lita 10 kwa siku. Ni hewa? (Kampemba)

Hapana. Mdomo wa pipa ni kama robo ya mita ya mraba, kwa hiyo milimita 6 ni lita 1 na nusu. Zilizobaki zimechotwa, au zimepita chini. Lifunike, mbu wasizalie humo.

Swali. Kipi kinasaidia kweli kupunguza uvukizi? Nimeambiwa gugumaji hufunika bwawa na kulitunza.

Gugumaji hapana. Majani yake yanavuta maji na kuyatoa hewani, na mara nyingi bwawa lililojaa gugumaji hupoteza zaidi ya maji meupe. Samaki nao wanakosa hewa.

Kwa pisini, kinachoshinda vyote ni turubai ya plastiki yenye mapovu, inayoelea juu ya maji yenyewe, mapovu yakitazama chini. Palipofunikwa, uvukizi unakaribia kwisha, lakini hesabu saa zilizofunikwa tu. Ukiifunika saa 11 jioni na kuifunua saa 2 asubuhi, umeokoa hasara ya usiku, na ya mchana imebaki palepale. Ukitia dozi kubwa ya klorini, iache wazi mpaka ishuke, la sivyo plastiki inaoza. Na jambo tunaloomba mlichukue kwa uzito wote: turubai hii haibebi mtoto. Mtoto akiikanyaga inamzunguka na kumficha chini yake. Penye watoto, uzio wenye mlango unaojifunga uje kabla ya turubai.

Baada ya hapo ni upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Ukuta au uzio wa matete upande huo, ukishusha upepo wa usoni pa maji kutoka mita 1 kwa sekunde hadi nusu mita, unapunguza hasara kwa karibu robo. Chemchemi na maporomoko ya mapambo, yafungeni mpaka mvua.

Swali. Ukingoni mwa pisini yetu kuna ukoko mweupe, kila kiangazi unaongezeka. Maji ni ya kisima kirefu.

Kinachovukiza ni maji matupu. Chokaa na chumvi hubaki. Maji mengi ya ardhini ya Lubumbashi hupitia miamba ya dolomiti, kwa hiyo huja na chokaa yake, na klorini ya chembechembe ya kalsiamu huongeza nyingine. Ukiongeza milimita 5 kila siku kwa siku 150 za kiangazi, umetia milimita 750, zaidi ya nusu ya pisini yenye kina cha mita 1,4. Kama maji ya kisima yana miligramu 200 za chokaa kwa lita, pisini imeongezeka miligramu 107 kwa lita bila wewe kuona. Kuongeza maji hakupunguzi ugumu wa maji, yaani chokaa iliyomo, ndiko kunakouleta.

Ukoko usugue kwa siki na brashi laini maji yakiwa yameshushwa chini ya mstari wake, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, uishike kati ya 7,2 na 7,6. Kisha mvua za kwanza zikishika, toa theluthi moja ya maji uyaache ya mvua yajaze, maana hayana chokaa. Theluthi moja, si zaidi: masika maji ya ardhini hupanda, na pisini iliyoachwa tupu yanaweza kuisukuma kutoka chini mpaka ipasuke.